Kiingereza cha Mzee Sylvanus

Siku ya ubatizo wa mwanangu Tevin, Mzee Sylvanus alisimama mbele ya watu wote waliokuja kula akaniita "gossip". Mimi Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini neno hilo nalijua. Nilikuwa nimebeba sinia ya chapati, na nusura niimwage yote miguuni pake. Mtu nimemkaribisha kwangu, anakula nyama yangu, halafu ananiita mmbea? Mimi naitwa Moraa, ni Mkisii, na subira sikuzaliwa nayo. Ni mkewe, Sellah, aliyenishika mkono huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaniambia kwamba kwa mzee, neno hilo zamani lilikuwa jina la mtu aliyegeuka ndugu yako kwa sababu mmesimama pamoja kwenye ubatizo wa mtoto. Sellah ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Tevin. Kwa hiyo nimeshakuwa ndugu yao, akasema, na mzee alikuwa ananiheshimu.

Nikamwambia heshima ya namna hiyo ampelekee mwingine.

Lakini tulizoeana. Tulikaa ploti moja huku Shieywe, mlango wao ukitazamana na wangu, bomba la maji moja, kamba ya nguo moja. Mume wangu alinileta Kakamega, akaniacha Kakamega, na hiyo ni hadithi nyingine. Nashona nguo. Cherehani yangu huwa naiweka barazani ili nipate mwanga, na Mzee Sylvanus alikuwa analeta kiti chake pale kila asubuhi baada ya chai, anakaa, ananiambia maneno yake. Ukishona huwezi kumkimbia mtu. Basi nikajua maisha yake yote bila hata kuuliza.

Alizaliwa Khwisero. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa mwalimu mmoja wa misheni, mama mzungu ambaye hakuwahi kuolewa na ambaye macho yalikuwa yanamwisha. Sylvanus alimwoshea vyombo, akampigia nguo pasi, na jioni akamsomea. Kitabu alichokipenda yule mama kilikuwa kamusi nene ya maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kufa, kila neno na maana yake ya zamani. Kijana anasoma asichokielewa, akikosea anagongwa na fimbo ya kutembelea, kisha anaelezwa. Mwishowe akaanza kuelewa, halafu akaanza kupenda. Yule mama aliporudi kwao alimwachia ile kamusi, ambayo haikuwa na jalada, na jozi ya viatu ambavyo havikumtosha. Wenzake waliofanyia wazungu kazi waliachiwa ng'ombe, wengine vipande vya shamba. Yeye aliachiwa maneno ambayo wenyewe walikuwa wameyatupa.

Baadaye aliajiriwa kiwanda cha sukari, kwenye mizani, pale trekta za miwa zinapopimwa kabla ya kuingia. Alikaa huko mpaka kiwanda kikalegea, kikalala, na wao wakaambiwa warudi nyumbani wangoje kuitwa. Hakuna aliyewaita. Hapo ndipo walipohamia Shieywe, ili Sellah auze mboga Amalemba, mrenda na tsisaka, na awe karibu na kliniki yake ya sukari. Ajabu ni kwamba ugonjwa ulikuwa na jina lilelile la kilichowalisha na kuwaachisha kazi, na Sellah mwenyewe ndiye aliyekuwa akilichekea jambo hilo, si mimi.

Kuhusu maneno yenyewe, nitasema nililoambiwa. Alisema "lady" zamani alikuwa mama anayekanda unga, na "lord" ni yule anayelinda mkate usiibwe. Alisema "silly", ambalo walimu wanawaita nalo watoto wetu, zamani lilikuwa la mtu aliyebarikiwa. Alisema "starve" ilikuwa kufa tu, kufa kokote, hata kwa kuangukiwa na mti, na ni watu waliokuja baadaye ndio waliolipeleka kwenye njaa, kwa sababu njaa ndiyo iliyokuwa inaua wengi. Siku moja mwalimu wa sekondari aliniletea suruali niikate miguu, nikamuuliza. Akasema mengine ni kweli, mengine hayajui, na moja au mawili mzee ameyakoroga. Sikumwambia mzee. Mtu ana kitu kimoja cha kujivunia duniani, umpokonye upate nini?

Na si kitu chake peke yake. Sellah alikuwa wa darasa la tatu, hakuwa na Kiingereza kingine chochote. Ukimwuliza kwa Kiingereza bei ya mboga anakutazama tu. Lakini kile cha mumewe alikijua, chote, kama mtoto anavyojua lugha ya mama. Walipooana walipewa nyumba ya chumba kimoja kiwandani, watoto wakazaliwa humo humo, na hapakuwa na mahali pa kusemezana. Basi wakasemezana kwa maneno hayo. Waligombana kwayo, wakapatana kwayo. Mimi niliwasikia kupitia ukuta, kwa sababu kuta za ploti zetu ni za kukopesha siri. Mzee alikuwa akimwita mkewe "thou". Sellah naye anamjibu "thou". Akikasirika ananyamaza, halafu unasikia "nay" moja kavu, na unajua leo mzee atakula ugali baridi.

Nilimuuliza mzee hiyo "thou" ni nini. Hilo alinieleza akiwa hatanii. Alisema Mwingereza wa zamani alikuwa na "wewe" mbili. Moja ya wakubwa na watu wengi, na moja ya mtu wa karibu, ya mke, ya mtoto, ya rafiki, ya Mungu unapomlilia. Akasema hata Waluhya wako hivyo, mama mkwe humwambii "wewe" ya mmoja, unamwambia kama watu wengi. Halafu Waingereza wakaitupa ile ya karibu. Sasa, akasema, Mwingereza anamwita mke wake vilevile anavyomwita askari wa barabarani.

Nilicheka siku hiyo. Sikucheka tena.

Sellah alilazwa wakati wa mvua kubwa za mwezi wa nne. Mguu ulikatwa, na baada ya mguu figo zikagoma. Nilikuwa nikienda kumwona na uji. Alijua anaenda, hakujidanganya, na jambo alilolisumbukia lilikuwa moja. Alimwambia mumewe nikiwepo, kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Siku ile watu wataniita marehemu mpaka jioni. Wewe usiniite hivyo. Simama mbele yao uniite vile unaniitanga."

Mzee akasema atafanya. Akamwapia. Wamekaa miaka yote ile na maneno yale chini ya blanketi, na mama wa watu alitaka mara moja tu kuitwa hadharani, ukoo wake usikie, mawifi wasikie, waliokuwa wakimwita mke wa mtu aliyefukuzwa na miwa wasikie. Alikufa Jumanne.

Sasa niwaambie kuhusu Isaiah. Ndiye kifungua mimba wao, yuko Nairobi, kampuni ya bima, tai kila siku. Kazi zote za mazishi zilikuwa mikononi mwake, kamati yake, gari lake, hema lake. Mzee alimwambia mapema kwamba atasema maneno machache kwa kile Kiingereza chao, yeye na Sellah. Isaiah akasema sawa Baba, utawekwa kwenye ratiba. Na kweli ratiba ilipochapishwa, ilikuwa pale: neno la mume wa marehemu, kabla tu ya wachungaji.

Isaiah ana kidonda chake, nakijua, Sellah aliniambia. Alipoingia kidato cha kwanza, shule kubwa ya wavulana, mwalimu alimwuliza mwenzake yuko wapi. Mtoto wa watu akasimama wima akajibu kwa Kiingereza cha nyumbani, kile alichokunywa na maziwa, kwamba hajui alikokwenda: "I know not whither he is gone, sir." Darasa zima likalala chini kwa kicheko. Wakamwita Nabii mpaka alipomaliza kidato cha nne. Akirudi likizo hataki kusemeshwa neno, anamwambia baba yake Kiingereza chako kimeoza. Namwelewa. Lakini kumwelewa mtu si kumsamehe, na mimi sijafika huko.

Tulimzika Khwisero, nyumbani kwao mzee, Jumamosi. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Walitoka Nairobi wafanyakazi wenzake Isaiah na fulana zilizochapishwa picha ya Sellah, picha ambayo hata hakuipenda, na mkubwa wao, mama mmoja aitwaye Chepkorir, akaketishwa mbele kabisa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Isaiah alikuwa akimtazama yule mama kuliko alivyolitazama jeneza.

Kwa ukoo wa mzee kuna mambo mawili ambayo lazima myajue. Mume aliyefiwa hukaa kwenye kiti karibu na jeneza, na hasimami mpaka aitwe kwa jina. Akisimama bila kuitwa, wanasema anaharakisha kwenda kuoa mwingine. La pili, ukishamtupia marehemu udongo, umeshamuaga. Hakuna maneno tena. Anayesema na kaburi baada ya hapo wanamhesabu kwamba anamrudisha, na hakuna atakayetaka kulala katika boma hilo. Mzee Sylvanus na Kiingereza chake chote alikuwa mtu wa kwao, na hayo aliyashika.

Basi akakaa. Koti amelifunga vifungo, jua linachoma, mikono juu ya magoti. Emsii, yule mwendesha ratiba, alikuwa kijana wa mjini mwenye sauti nzuri na miwani ya jua. Akaita majirani. Akaita wakwe. Akaita kina mama wa kanisa, wakaimba. Akamwita Isaiah, naye akasoma historia ya mama yake kwa Kiingereza cha Nairobi, laini, hakuna kasoro, na Sellah hakuwemo ndani yake. Alikuwemo mama fulani mchapakazi na mcha Mungu ambaye ungeweza kumzika popote. Kisha magari yakaingia kwa vumbi, mheshimiwa mbunge akafika, na kipaza sauti akapewa yeye. Akasema kuhusu kiwanda. Kiwanda kitafufuka, akasema, na watu waliokuja kuzika wakampigia makofi.

Mheshimiwa alipoketi, emsii akawaita wachungaji.

Nilidhani amekosea mstari. Nikapita nyuma ya hema nikamvuta shati, nikamwambia umemruka mume. Hakukasirika. Aliniambia kwa upole kabisa, nafikiri hakujua anachosema: "Mama, nimeambiwa niruke hapo. Tangu asubuhi."

Nikamtafuta Isaiah. Alikuwa amesimama kando akipanga watu wa kubeba jeneza. Nilimwambia kwa sauti ya chini, na Mungu ndiye shahidi kwamba ilikuwa ya chini, kwamba baba yake anangoja pale kwenye jua na kwamba mama yake aliomba jambo moja tu. Akasema Mama Tevin, tumechelewa, mvua inakuja. Nikamwonyesha mbingu, hapakuwa na wingu la kumficha kifaranga. Akakunja uso. Akasema mkubwa wake yuko pale, wenzake wote wako pale na simu mkononi, na yeye hawezi kumwacha mzee asimame kuchekwa mbele ya dunia. Akasema anamlinda.

Anamlinda. Nilitaka kumzaba kofi, na ningemzaba kama isingekuwa matanga ya mama yake. Nikarudi nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa mgeni, mke wa mtu asiye wa pale, na sikuweza kuchukua kile kipaza sauti nikaita jina moja tu.

Wachungaji wakaomba. Jeneza likashuka. Mzee hakusimama. Alikuwa akimtazama emsii muda wote, usoni, kama mwanafunzi anayengoja jina lake lisomwe, hata kamba zilipokuwa zinatolewa bado alikuwa anamtazama. Ndipo wazee wawili walipomshika makwapa wakamsogeza, wakamwekea udongo kiganjani. Nilimwona anaushikilia. Aliushika sana mpaka ukawa unapenya katikati ya vidole. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Mzee mmoja akamgusa kiwiko, na akauachia. Hakusema kitu.

Nililia siku hiyo kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni haya kusema.

Kilichofuata ni chakula, maana mazishi yetu hayaishi bila obusuma, yaani ugali, na nyama. Yule mama Chepkorir akaja kumpa mzee pole. Mtu wa heshima, sina neno baya juu yake. Alikaa chini kabisa, kwenye benchi, akamuuliza yeye na mama walikutanaje. Mzee alimjibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mgeni. Akamweleza kuhusu kamusi, na chumba kimoja cha kiwandani, na maneno yao. Akamtajia mawili matatu. Yule mama akashika kifua. Akamwita Isaiah, akamwambia mbona hukutuambia baba yako ana utajiri huu, mbona hakuongea leo? Nilimtazama Isaiah. Nilitaka kusikia atakachosema. Alicheka, akamwekea baba yake mkono begani, akasema mzee wetu ni kamusi inayotembea, ila leo alikuwa na uchungu, hakuweza.

Mzee aliusikia uongo huo ukisemwa juu ya bega lake. Aliinamia sahani yake akaendelea kula.

Tuliporudi Shieywe aliendelea kuleta kiti barazani kila asubuhi. Lakini hakuleta maneno. Mwanzoni nilidhani ni msiba tu, utapita. Nikamchokoza, nikamtajia neno moja nikijifanya nimesahau maana yake. Akanijibu kwamba naye amesahau. Usiku ukutani hapakuwa na kitu, na mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba hawaniachi nilale, nikawa silali.

Isaiah alikuja miezi miwili baadaye, mchana, siku ya Jumapili, na gari jipya. Nilikuwa nampunguzia mzee suruali kiunoni, kwa sababu alikuwa amekonda. Hakunisalimia vizuri. Akamwambia baba yake kwamba kampuni ina karamu kubwa Nairobi, wageni wa nje watakuwepo, na mkubwa ametaka, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mzee aje awaambie yale maneno ya zamani. Atatumiwa gari. Atalala hotelini. Atavalishwa suti. Akasema watu watafurahi sana. Akasema, na hapa nikaacha kushona, kwamba aongee kabisa kile Kiingereza cha yeye na Mama, kile chenyewe, asiogope.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Alimjibu kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Isaiah, ile lugha ilikuwa na watu wawili tu duniani. Mmoja ulimzika nikiwa nimekaa kwenye kiti, nangoja uniite."

Mahali fulani redio ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Isaiah aliangalia chini, akaangalia viatu vyake, akafungua mdomo, na mimi, na hasira zangu zote, niliomba kimoyomoyo aseme jambo moja la kibinadamu. Hata samahani ya nusu mdomo ningeipokea kwa niaba ya mzee.

Akatazama saa.

"Sawa, Baba," akasema. "Nitawaambia unaumwa."